Matanga ya Mzee wa Kwenye Makaratasi

Mimi ni mtu wa falsafa. Nalisema hilo kwa sauti ndogo, kwa sababu mtaani kwetu Miyuji ukitamka neno hilo watu wanakuangalia miguuni kwanza, kuhakikisha umevaa viatu. Sina chuo, sina ofisi, sina mkubwa wa kazi wa kuniuliza nimechelewa wapi. Nilifundisha chuoni miaka kumi na moja, kisha Jumatano moja nikaacha, kwa sababu nilitaka kutafsiri kitabu kimoja tu, kizima, kwa Kiswahili, kabla sijafa. Mama yangu yuko Gulwe, hatua chache kutoka stesheni, na akiulizwa binti yako anafanya kazi gani siku hizi, hujibu, "Yupo, anapumzika." Huu ni mwaka wa saba napumzika.

Mkate wangu unatoka kwenye tafsiri nyingine. Karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, maelekezo ya mbegu, vitabu vidogo vya pampu. Kama umewahi kusoma mahali "usiwashe pampu kabla ya kuijaza maji", yawezekana kabisa ni mimi, na sentensi ile naionea fahari mpaka leo. Lakini hizo ni kazi za mchana. Asubuhi, kabla upepo haujaanza kutupa vumbi madirishani, ni za mzee.

Mzee ni mwandishi wa kile kitabu. Ni mtu wa Ulaya, alikufa zamani mno, babu wa babu yangu hajazaliwa. Kitabu chake kinauliza swali moja. Bwana mmoja alimwahidi rafiki yake mgonjwa kwamba atamtunzia shamba. Walikuwa wawili tu chumbani. Rafiki akafa. Hakuna mwingine aliyesikia, hakuna maandishi, hakuna shahidi. Je, yule bwana bado amefungwa na ahadi yake, na kama amefungwa, kamba kaishika nani? Basi. Kurasa mia tatu na ushee, mzee anazunguka hapo hapo. Mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama kichaa, nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili, nikarudi nikaanza tena ukurasa wa kwanza. Ndivyo nilivyokipenda.

Sasa tafsiri ya falsafa ina ugonjwa wake. Unaweza kuandika ukurasa mzuri kabisa, kila neno liko mahali pake, na usiseme chochote kwa mtu yeyote. Nilipata dawa ya ugonjwa huo sokoni Majengo, na niliipata kwa bahati tu. Kuna duka la nafaka pale lenye kibaraza kipana, na kwenye kibaraza hicho hukaa wanawake sita au saba, kila mmoja na ungo mapajani, wanachambua karanga: nzima huku, mbovu kule. Nilikuwa nimekaa nasubiri kupimiwa karanga zangu, nikatoa karatasi kwenye mkoba nikawa najisomea kwa sauti ya chini. Mama mmoja akaacha kuchambua. Akaniuliza, "Kwani hilo shamba lina kisima?"

Nikamwambia mzee hajasema.

"Muulize," akasema. "Shamba lenye kisima na lisilo na kisima si ahadi moja."

Nilirudi Miyuji naelea kwenye bajaji. Tangu siku hiyo kila Jumamosi asubuhi nikawa naenda kibarazani, napewa ungo, nachambua nao, na katikati ya kazi nasoma ukurasa mmoja. Sheria niliiweka mwenyewe na sikumwambia mtu. Mikono ikisimama, ukurasa umefaulu. Mikono ikiendelea, narudi nyumbani nachana. Kuna ukurasa mmoja niliuchana mara kumi na nne. Mwenye kibaraza, mama mtu mzima, mjane wa mwenye duka, ambaye ukoo wake uko mjini hapa tangu enzi za misafara, alikuwa na mikono myepesi kusimama, namshukuru. Alisimama mpaka kwenye kurasa mbaya, akaanza kubishana na mzee, akasahau ungo, karanga zikamwagika.

Lakini mwishoni mwa kibaraza, penye nguzo, alikuwa anakaa mama mmoja wa Chemba. Mwembamba, maneno machache, Kiswahili alijifunza ukubwani. Kwao wanaongea ile lugha yenye vidoko, ulimi unagonga juu ya kinywa katikati ya neno, na mara mojamoja nilimsikia akiongea hivyo kwenye simu na nduguze. Huyu mikono yake haikusimama. Si siku ya kwanza, si mwaka wa kwanza, si wa pili, si wa tatu. Wenzake wanagombana juu ya shamba, wanaapizana, wengine wamesimama wima, yeye tk, tk, tk, nzima huku, mbovu kule. Hanyanyui hata kope.

Nitasema ukweli: alinikaa rohoni. Nikawa naandika kwa ajili yake. Nikijua kabisa kwamba huo ni wazimu, nilijiapia kwamba kitabu hakiendi kwa mchapishaji mpaka mikono ile isimame walau mara moja. Kwa sababu kama falsafa ya Kiswahili inawafikia wale tu ambao Kiswahili kimewalea, na mtu aliyekikuta njiani inampita kama upepo, basi nimeacha mshahara kwa ajili ya nini?

Mchapishaji wangu, kijana mpole aliyeko Dar es Salaam, hakujua habari za karanga. Yeye alijua tu kwamba nimeahirisha mara tano. Jumamosi moja mwaka huu akanipigia nikiwa kibarazani, ungo mapajani.

"Dada, Jumatatu," akasema. "Isipokuja Jumatatu nafasi yako inachukuliwa na kitabu kingine, na mimi sitakuwa na la kukutetea. Halafu kuna jambo la haki za mwandishi. Nani anatoa ruhusa?"

"Hakuna," nikajibu, kwa sauti kubwa kwa sababu mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma jirani. "Mwandishi amefariki. Hana mke, hana mtoto. Niko mimi tu."

Nikakata simu. Kibaraza kizima kilikuwa kimya. Nikadhani ni heshima ya simu. Nikasoma ukurasa wangu wa siku hiyo, mikono yote ikiwa imesimama hata kabla sijaanza, isipokuwa ile ya penye nguzo, nikaaga nikaondoka nikiwa na mawazo ya Jumatatu tu. Mwenye kibaraza alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaubana. Nikaona mama huyu leo ana upendo.

Jumapili asubuhi, saa tatu hivi, nimekaa na kikombe cha uji wa uwele nautazama ukurasa wa mwisho, nikasikia bajaji. Kisha nyingine. Kisha ya tatu. Nikachungulia. Wanawake wa kibarazani wote wanashuka, kanga zimefungwa viunoni na nyingine vichwani, mikeka kwapani, sufuria kubwa, sukari, majani ya chai, gunia dogo la mchele. Wanaingia uani taratibu, nyuso chini. Mwenye kibaraza akanikumbatia akanilaza kifuani kwake.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Umemuuguza miaka yote hii peke yako."

Akili yangu ilichukua muda kufika, na ilipofika ilifika kwa kukimbia. Mzee. Miaka mitatu nawaambia mzee anasema, mzee anakataa, mzee jana kanitesa sijala. Nawaambia nitamuuliza mzee kuhusu kisima, na wiki inayofuata nawaambia mzee hajanijibu. Na zile karanga. Kila mwezi walikuwa wananipa kifurushi: "Hizi za mzee, hatukuzitia chumvi, tumezikaanga laini, maana meno yake." Mimi nikidhani ni utani wa kibarazani, nikicheka, nikizipokea, na nikizila zote kabla bajaji haijafika Miyuji. Kumbe wao walidhani nina mzee chumba cha nyuma, mgonjwa, mwenye kichwa kikali, anayesema na mimi naandika.

Nilijaribu kusema. Haki ya Mungu nilijaribu. Lakini ukishawekewa mkeka uani kwako, mtaa haukusubiri. Jirani wa kushoto alisikia kilio cha mama mmoja akaja na viti. Jirani wa kulia akaja na kuni. Ndani ya nusu saa uani kwangu kulikuwa na watu ambao kwa miaka sita tulikuwa tunasalimiana kwa kupungiana mikono tu. Kisha akaingia mwenyekiti wa mtaa na daftari lake, akavua kofia, akanipa pole, akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe.

"Marehemu anazikwa hapa au anasafirishwa?"

Kicheko kilinipanda kutoka tumboni. Nikakimeza. Kikapanda tena. Nikajifunika kanga usoni mabega yakitetemeka, na wanawake wawili wakaanza kunililia upya kwa kuona nilivyoumia.

"Alishazikwa," nikasema ndani ya kanga.

"Lini?"

Ikabidi niseme. Nilisimama katikati ya mikeka, nikawaeleza yote: mzee ni wa kwenye makaratasi, hakuwahi kukaa chumba cha nyuma, alikufa Ulaya karne zilizopita, na karanga nilikula mimi. Nilipomaliza niliona bora ardhi inimeze. Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, hajui aandike wapi. Mtoto wa jirani akauliza kama wali bado upo.

Wote wakamgeukia mwenye kibaraza, maana ndiye aliyeuleta msiba. Yeye akafikiri. Akanitazama juu mpaka chini.

"Alipokufa, huko kwao walimlilia?"

"Nadhani walimlilia, mama."

"Kwao. Sisi hatujamlilia." Akakaa vizuri kwenye mkeka, akanyoosha miguu. "Miaka mitatu nabishana na mtu, halafu nisimkalie matanga kwa sababu kafa zamani? Chai imeshachemka. Kaeni chini."

Wakakaa. Sijui nieleze vipi furaha ile. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakatulia wakawa wanamzungumza mzee kama wanavyozungumzwa wafu: alivyokuwa mbishi, alivyokuwa hatoi jibu la moja kwa moja, hata lile swali la kisima kaondoka nalo. Mwenyekiti alifunga daftari, akaomba kikombe. Jirani wa kulia, fundi magari ambaye sikujua kama anaongea, aliuliza shamba lenyewe ni la nini, akaambiwa, na dakika tano baadaye alikuwa anabishana na mwenyekiti vidole vikiwa hewani. Nilikuwa nazunguka na birika huku nahisi miguu haigusi chini.

Kisha mwenye kibaraza akasema isomwe historia ya marehemu, maana hakuna msiba bila historia. Nikaona sina historia, ila ninao ukurasa wa mwisho, ule niliokuwa nao mkononi asubuhi, ambao haujapita kibarazani. Nikausoma. Mzee, baada ya kurasa mia tatu, anamgeukia yule bwana na kumwambia hivi:

"Unasema hakuna aliyesikia. Wewe ulisikia. Rafiki yako hakuiacha ahadi kwa majirani wala kwa hakimu. Aliiacha kwako, kwa sababu yeye alikuwa anaondoka na wewe ulikuwa unabaki. Chukua jembe. Hakuna atakayekuona, na kuonekana hakukuwa sehemu ya makubaliano yenu."

Watu wakashikilia vikombe, hawanywi. Lakini mimi nilikuwa naangalia mahali pamoja tu. Yule mama wa Chemba alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, ungo mapajani, anachambua mchele wa chakula cha matanga. Tk, tk, tk. Mawe huku, mchele kule. Neno la mwisho kabisa la kitabu lilimpita na mikono yake haikupunguza hata mwendo.

Furaha yangu yote ilimwagika. Nilienda nyuma ya nyumba kuosha vikombe, nikaviosha kwa hasira, nikamwaga maji, nikajaza mengine. Kesho ni Jumatatu. Nilishaamua kumpigia kijana wa Dar nimwambie ampe nafasi mtu mwingine. Yule mama akaja na ungo wake akakaa kivulini karibu yangu, maana jikoni kulikuwa na moshi. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, nikuulize kitu, usinikasirikie," nikasema. "Miaka mitatu nasoma, wenzako wanaacha kazi wanasikiliza, wewe hata siku moja mikono yako haijasimama. Niambie tu ukweli. Kitabu hiki hakikufikii?"

Akashangaa kweli kweli.

"Mikono ikisimama, kichwa changu kinaenda nyumbani," akasema. "Kinaenda kwa mbuzi, kwa watoto. Mikono ikifanya kazi, kichwa kinabaki hapa. Nasikia vizuri." Akatoa jiwe kwenye mchele akalitupa. "Wale wanaosimama hawasikii. Wanasubiri zamu yao waongee."

Nikaacha kikombe kizame kwenye beseni.

"Siku ile ya kwanza," akaendelea, "ulisema walikuwa wawili chumbani. Baadaye ukabadilisha ukasema nyumbani. Chumbani ilikuwa nzuri. Nyumbani kuna watu wengi, nani atasema hawakusikia? Mimi kule niliwaambia chumbani."

"Kule wapi?"

"Kwetu, Chemba. Kila mwezi nikienda nawapelekea. Kwa lugha yetu, maana mama yangu Kiswahili hakimwingii." Alisema hivyo kama mtu anayesema huwa anapeleka sabuni. "Kaka yangu anasema yule bwana yuko huru, mwenzake kafa. Mke wa kaka anasema hayuko huru. Wamenuniana tangu wakati wa kuvuna. Mama yangu ananipigia kila Jumamosi, anauliza, yule bwana karudi shambani? Namwambia bado, mwalimu hajafika huko."

Nikakumbuka zile simu zake za vidoko penye nguzo.

"Leo umefika," akasema. "Ila umesoma haraka, kwa sababu ya watu. Nisomee tena polepole, nimpelekee mama."

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikituma kitabu chote Dar, nikiwa nimerudisha neno "chumbani" mahali pake, na kijana wa watu alinijibu kwa alama za kushangaa mstari mzima. Hayo ni ya kesho yake. Pale nyuma ya nyumba nilikuwa na beseni la vikombe mbele yangu na karatasi nimeibana chini ya goti isiruke na upepo. Nikasoma sentensi ya kwanza. Unasema hakuna aliyesikia. Akaitafuna kidogo, kisha akaisema kwa lugha yake, ulimi ukigonga, sauti ikipanda mahali ambapo yangu ilikuwa inashuka. Nikasoma ya pili. Akaisema. Sikuelewa hata neno moja, na nilielewa kila alipofika. Alipofika kwenye jembe alisema kwa upole sana, kama mtu anayemwamsha mwingine. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho aliirudia mara mbili, hakuridhika, akaibadilisha, akaisema tena, na ya tatu ikakaa. Mchele ulikuwa unaendelea kuruka kwenye ungo wakati wote huo.

Akanyoosha shingo kuangalia beseni.

"Mwalimu," akasema, "mbona umeacha kuosha?"